Mashine Mpya ya Safari Ndefu: Dalili, Sababu na Mahali pa Kuweka Spana Chini

Simu iliita saa mbili usiku. Rafiki yangu alikuwa amekwama kwenye kituo cha mafuta pale Chalinze, siku ya tatu tangu achukue pikipiki yake mpya ya safari ndefu. "Kaka, mashine imekufa. Inawaka vizuri, nikiingiza gia tu inazima. Muuzaji nimempigia, hapokei." Nikamuuliza stendi ya pembeni iko juu au chini. Akanyamaza. Halafu nikasikia chuma kinagonga chuma, injini ikanguruma. "Usimwambie mtu," akasema.

Simwelezi hapa ni nani. Ila malalamiko ya namna hiyo nimeyasikia mara nyingi mpaka nikaanza kuyaandika, na nilipoyapanga niliona jambo moja: mengi si ubovu. Sisi wengi tumejifunzia pikipiki za cc 125 na 150, ambazo hazina siri: kuna petroli, kuna cheche, basi inakwenda. Mashine ya safari ina injini ya cc 650 mpaka 1300, uzito wa kilo 220 na kuendelea, na kompyuta inayokagua kila kitu kabla ya kukuruhusu uondoke. Mara inajilinda, sisi tunadhani imekufa. Na pale ilipoharibika kweli, mara nyingi chanzo ni kitu tulichokiongeza wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nati yoyote, jiulize: tangu ilipokuwa nzima mara ya mwisho, nimefunga nini, nimefungua nini, nimepakia nini? Anzia hapo.

Haiwaki, au inazima ukiingiza gia

Sababu ya kwanza umeshaisoma: stendi ya pembeni iko chini. Ya pili ni ile swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye mkono wa kulia. Watoto wa mtaani wanaipenda sana rangi yake. Ukiacha mashine nje ya duka dakika tano, ukirudi ukute dashibodi inawaka lakini stata haigeuki, tazama hapo kwanza.

Ya tatu: gia haiko nyutro, au hujabana klachi mpaka mwisho. Baadhi ya mashine hazikubali stata mpaka klachi ibanwe kabisa, hata zikiwa nyutro.

Ya nne ni ya wenye funguo za rimoti. Ukiiweka rimoti mfuko mmoja na simu, mawimbi yanaweza kugongana na mashine isikutambue. Zitenganishe, jaribu tena. Ikikataa bado, huenda betri ya rimoti imekwisha. Nyingi hutumia ile ya duara iitwayo CR2032, inayopatikana kwa mafundi saa. Karibu kila mashine ya aina hii ina mahali maalumu pa kuisogezea rimoti iliyokufa ili iwake kwa dharura. Patafute leo ukiwa nyumbani umetulia. Usisubiri kupatafuta gizani, mvua inanyesha.

Ya mwisho, na si ya kawaida kwa mashine mpya, ni swichi ya stendi yenyewe kujaa matope. Dalili yake ni injini kuzima kwenye matuta huku stendi iko juu. Iko karibu na bawaba ya stendi. Ioshe kwa maji yasiyo na nguvu, icheze-cheze stendi mara kumi. Ikirudia, mpelekee fundi wa dhamana. Usimruhusu mtu aikate waya na kuiunganisha moja kwa moja, hata akikuambia "kila mtu anafanya hivyo". Siku utakayoondoka na stendi chini ukakata kona ya kushoto, ndiyo utajua swichi ile iliwekewa nini.

Asubuhi betri imelala

Hili ndilo linaloongoza. Ukibonyeza stata inasikika tik-tik-tik, taa zinafifia, dashibodi inajizima na kuanza upya.

Anza na rahisi. Je, ulizungusha funguo ukapitiliza alama ya kufunga usukani? Kwenye baadhi ya mashine, hatua moja baada ya hapo ni ya taa za maegesho: funguo inatoka, unakwenda kulala, taa ndogo ya nyuma inawaka usiku kucha. Pili, vichwa vya betri. Bolti zake hulegea zenyewe kwenye kilomita za mwanzo. Zikaze kwa bisibisi kwa kiasi, usizikate.

Vikiwa vizuri, sasa tafuta kinachonyonya. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu ananunua mashine Jumamosi. Jumapili ameshafunga taa za ukungu, chaja ya simu, kamera na kifaa cha kufuatilia wizi, vyote vimeungwa moja kwa moja kwenye betri. Betri ya mashine hizi mara nyingi ina ujazo wa kama ampea-saa (Ah) 12. Kifaa kinachonyonya miliampia 50 tu mchana na usiku kinakula zaidi ya Ah 1 kwa siku. Ukisafiri kikazi wiki mbili ukaacha mashine barazani, utakuta maiti.

Pima kwa testa. Mashine ikiwa imelala saa kadhaa bila kuwashwa, betri ya kawaida iliyojaa inasoma volti 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.4 imeanza kupungua, na chini ya 12 haina kitu. Kisha washa injini, ivute kidogo kama raundi 4,000: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma hivyo, mashine inachaji vizuri na mwizi ni mmojawapo wa mapambo yako. Vichomoe vyote, acha siku mbili, kisha rudisha kimoja kimoja. Dawa ya kudumu ni relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ili vifaa vipate umeme pale tu funguo inapofunguliwa.

Ikisoma chini ya 13, au ikapita 15, acha hapo. Hilo ni la dhamana: regulata (kidhibiti cha chaji), waya wa chaji au koili. Volti nyingi mno huua kompyuta, na bei ya kompyuta hutaki kuisikia.

Ukilazimika kubusti kwa gari, injini ya gari iwe imezimwa. Funga chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari, na waya wa mwisho uufunge kwenye chuma cha fremu ya pikipiki mbali na betri. Betri iliyovimba au inayonuka kama mayai viza usiiguse kabisa. Na kama yako ni ya lithiamu, itafutie chaja iliyoandikwa lithiamu.

Inayumba ukikimbia

Kuna kuyumba kwa aina mbili, nazo zinatisha kwa namna tofauti. Moja ni usukani kutikisika haraka-haraka mkononi, hasa unapopunguza mwendo. Nyingine ni mashine nzima kupepesuka polepole kama mtu aliyetoka kilabuni, kwa kawaida ukipita kilomita 100 kwa saa.

Hii ya pili ilinipata Makambako. Upepo wa Makambako unajulikana, kwa hiyo nililaumu upepo. Nilipopunguza mwendo ikatulia, nilipoongeza ikaanza tena. Nikasimama kando, nikaangalia nilichopakia: juu ya sanduku la nyuma nilikuwa nimefunga dumu la maji la lita kumi na gunia la viazi nililopewa kama zawadi Mafinga. Kilo ishirini na kitu, juu kabisa, nyuma ya ekseli. Usukani ulikuwa unaelea. Viazi nikavihamishia kwenye masanduku ya pembeni, dumu nikalimwaga, na upepo uleule haukunisumbua tena mpaka Mbeya.

Mpangilio wa sababu basi ni huu: kwanza mzigo, hasa ulio juu na nyuma. Chungulia ndani ya sanduku lenyewe, kuna kibandiko cha uzito. Sanduku la juu kwa kawaida huruhusiwa kilo 5 mpaka 10 tu, na vitabu vingi huweka pia kikomo cha mwendo ukiwa na masanduku. Vizito viwe chini, mbele, na kushoto kulingane na kulia.

Pili upepo wa tairi. Mashine nyingi za safari zinataka kama psi 36 mbele na 42 nyuma, lakini fuata kibandiko cha yako. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi ikiwa baridi. Baada ya saa moja ya lami kipimo hupanda, na ukipunguza upepo hapo kwa kudhani umezidi, umejiharibia mwenyewe. Nunua geji yako ndogo. Geji za vituo vya mafuta kila moja ina ukweli wake.

Tatu, springi ya nyuma haijarekebishwa. Mashine ilitoka kiwandani ikitarajia mtu mmoja wa wastani. Ukimpakia mama watoto na masanduku mawili, nyuma inazama, mbele inakuwa nyepesi, na taa inamulika ndege. Kuna kirungu cha kuzungusha au nati za kugeuza kwenye shokapu. Ongeza mpaka mashine isimame karibu na ilivyokuwa bila mzigo. Nyingine zina kitufe chenye picha ya kofia moja, kofia mbili na sanduku. Watu hawakibonyezi kamwe, sijui kwa nini.

Nne ni tairi mpya zenyewe. Kwa kilomita 150 za kwanza zina utelezi, kwa hiyo lala polepole kwenye kona.

Baada ya hapo tunaingia mahali pa kuacha spana. Simamisha mashine kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele liwe hewani, mtu mwingine ashike nyuma. Shika miguu ya shokapu za mbele, vuta na sukuma. Ukisikia mchezo wa "kok, kok", beringi za usukani zimelegea. Shika gurudumu juu na chini, tikisa: likicheza, beringi za gurudumu. Rimu iliyopinda kwenye shimo utaiona ikizungushwa. Kwa yoyote kati ya hayo, mashine haiendi safari. Inakwenda gereji, tena taratibu, au juu ya pikapu.

Inachoma mapaja na feni haikomi

Kwenye foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, mashine ya cc 1000 itakuchoma. Ndivyo ilivyo. Injini za siku hizi zimebanwa na viwango vya moshi kama Euro 5, kilichoanza Ulaya mwaka 2020: zinachoma mafuta kwa uchache na zina kichujio cha moshi chenye joto kali karibu na miguu yako. Feni kuwaka joto likifika nyuzi 100 na kitu ni kawaida, na maji hayachemki hapo kwa sababu mfumo umefungwa kwa shinikizo na yana kulanti, ile dawa ya kupoozea injini. Kuendelea kuvuma baada ya kuzima injini nako ni kawaida kwa baadhi ya mashine.

Si kawaida pale geji ya joto inapoendelea kupanda hata baada ya barabara kufunguka. Hapo angalia kwa mpangilio huu: rejeta imezibwa na matope au wadudu (ukipita Mikumi jioni utavuna wa kutosha), kiwango cha kulanti kwenye kikopo cha akiba, injini ikiwa baridi, kisha feni, kama inazunguka, na fyuzi yake. Rejeta ioshe kwa mpira wa bustani. Ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yake, na baada ya hapo hewa haipiti tena.

Usifungue kifuniko cha rejeta cha moto. Nimemwona fundi mzoefu akipelekwa zahanati kwa sababu ya dakika ishirini ambazo hakutaka kuzisubiri. Kiwango kikiwa chini na uko porini, maji safi ya kunywa yatakufikisha, kisha kulanti ibadilishwe mjini. Ila ikiwa kinapungua tena kesho yake, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe. Hiyo ni gasketi au pampu.

Taa kwenye dashibodi

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki) ukiwasha na kabla hujaondoka: inapaswa kuwaka. Mfumo unajikagua na hauwezi kumaliza mpaka magurudumu yazunguke. Ikifika mwendo wa mtu anayekimbia inazima. Nimesikia wawili waliorudisha mashine dukani kwa sababu hiyo.

Ikiwaka baada ya kupaka cheni oili kwenye stendi ya kati huku injini inazungusha gurudumu la nyuma, nako usishtuke: kompyuta imeona nyuma inakimbia na mbele imesimama, ikadhani kuna hitilafu. Zima, washa, tembea. Na tafadhali, cheni hupakwa gurudumu likizungushwa kwa mkono. Vidole havina spea.

Ikibaki inawaka ukiwa barabarani, safisha sensa na pete yake yenye meno karibu na diski. Ikibaki bado, breki zinafanya kazi lakini bila ABS. Endesha ukijua hivyo mpaka kwa fundi.

Taa ya upepo wa tairi mara nyingi huwaka asubuhi ya baridi. Kila nyuzi 10 za joto zikishuka, tairi hupoteza karibu psi 2, na aliyejaza Dar es Salaam mchana akalala Njombe ataiona. Pima kwa geji kabla ya kuamini chochote. Usishangae namba zikitofautiana: baadhi ya mashine hupiga hesabu kana kwamba tairi ina nyuzi 20, kwa hiyo skrini na geji hazisomi sawa. Ukikuta msumari katikati ya tairi ya tyubulesi, kamba ya pancha itakufikisha mjini. Ubavuni haizibwi.

Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine kabisa. Bana klachi, zima injini, kaa pembeni. Si "niisogeze mpaka kituo kinachofuata". Subiri dakika kadhaa, isimamishe wima, soma kioo cha oili. Wengi wanasoma mashine ikiwa imelala kwenye stendi ya pembeni, wanaona hakuna kitu, wanajaza, halafu oili ya ziada inafurika mpaka kwenye chujio cha hewa. Injini mpya inaweza kula oili kidogo mwanzoni. Lakini ikiwa kiwango kiko sawa na taa bado inawaka, hiyo ni ya kubebwa.

Inakata moto njiani, halafu inawaka tena

Tazama dashibodi wakati inakata. Ikizima nayo, tatizo ni umeme: vichwa vya betri kwanza, kisha fyuzi kuu, kisha waya wa funguo uliobanwa usukani unapogeuzwa. Ikibaki hai, tafuta petroli au swichi.

Kwa upande wa petroli, jambo la kwanza linachekesha. Tenki linahitaji kupumua. Begi la juu ya tenki au koti la mvua lililotandazwa vibaya linaweza kuziba pumzi hiyo, na baada ya nusu saa pampu inashindwa kuvuta. Fungua kifuniko: ukisikia hewa ikiingia "fyuuu" na mashine ikawaka, umeshapona. Rekebisha begi.

La pili ni mafuta yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji, lakini chupa ya kando ya barabara haina anayeipima. Chukua kidogo kwenye chupa ya kioo, iache itulie: maji yatakaa chini, mafuta ya taa utayanusa. Tenki likishapata maji linamwagwa lote kwa fundi, na si kazi ya kufanyia karibu na jiko la mama lishe.

Na ukiona namba ya kilomita zilizobaki inaanguka kutoka 180 hadi 120 unapopanda Kitonga, tenki halivuji. Kompyuta inakadiria kwa ulaji wa dakika zilizopita, na Kitonga inakula. Ukifika Iringa itarudisha sehemu.

Kelele

"Klak" ya kuingiza gia ya kwanza asubuhi ni kawaida; nyutro kukataa kupatikana ukisimama kwenye taa za barabarani nayo ni kawaida, na itapungua baada ya sevisi ya kwanza, ambayo kwa wengi ni kilomita 1,000. Cheni ikilia, ni kavu au imelegea. Mpya hutanuka haraka. Uchezaji wa milimita 30 mpaka 40 ndio wa wengi, ila zenye shokapu ndefu zinataka zaidi, kwa hiyo soma kitabu. Iliyokazwa kupita kiasi ni mbaya kuliko iliyolegea, kwani inaua beringi ya sproketi ya mbele. Safisha kwa mafuta ya taa, si petroli, kisha paka oili kila kilomita 500 hivi, jioni ikiwa bado ina moto.

Breki kupiga mluzi ni vumbi au pedi mpya. Breki ya mkono kuwa laini kama sifongo, au kushuka mpaka igusane na mshikio, ni hewa ndani ya mfumo au oili ya breki inavuja. Hilo usilijaribu mwenyewe kwenye mashine yenye ABS, na usiiendeshe hata mpaka kona ya mtaa.

Imelala chini

Italala. Kilo 240 kwenye changarawe, mguu mmoja ukikosa pa kukanyaga, inakwenda taratibu na huwezi kuizuia. Usijaribu, mgongo wako ni wa zamani kuliko mashine. Zima kwa swichi nyekundu. Ikiwa imelalia kulia, shusha kwanza stendi ya pembeni, iingize gia, ndipo uinyanyue kwa kuipa mgongo na kusukuma kwa miguu.

Ikikataa kuwaka baada ya hapo, sensa ya kuanguka imekata umeme: zima funguo, hesabu mpaka kumi, fungua tena. Kagua mkono wa breki, kanyagio cha gia na ubavu wa injini. Tone moja la oili chini ya mfuniko uliogonga jiwe linatosha kuita pikapu.

Mchangani, weka kopo lililobondwa chini ya stendi kabla hujashuka. Mimi natembea nalo mfukoni.